Shati la Mhina

Shati la Mhina nililifua peke yake:
beseni lake, kamba yake, nyuma ya jiko.
Maji ya kwanza meupe, kama nimeosha mchele.
Ya pili meupe.
Ya tatu niliyamwaga bila kuyatazama.

Wengi hawajui kuwa jiwe la dhahabu ni jeupe.
Karasha hulitafuna usiku kucha
likatema unga laini kuliko sembe.
Dhahabu huenda kwa mwenye duara.
Unga huja nyumbani.

Miaka kumi na mmoja alililisha karasha lile,
kule machimboni, mbele ya Kwediboma,
puani kitambaa nilichomkatia kwenye kanga yangu,
kipande chenye nusu ya jina: NIACHE NI.
Jina lote silikumbuki tena.

Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Sisi tulikificha kikohozi chenyewe
tangu vuli mpaka mahindi yakabeba.
Tulikiita mafua. Tulikiita umande.
Mama mkwe alikiita jicho la mtu,
akaleta mizizi, nyumba ikanuka wiki nzima.
Usiku jasho lilimtoka nikageuza godoro,
na mkanda wake nikautoboa tundu kwa msumari wa moto,
kisha jingine,
kisha nikauficha ule msumari.

Songe, nesi Kilango alimpa kikopo chenye mfuniko.
"Alfajiri, kabla ya maji. Toa cha ndani kabisa."
Mtu aliyepasua mwamba kwa nyundo
akakaa kwenye kigoda mpaka jua likachomoza
akitafuta kijiko kimoja cha makohozi.

Handeni wakaitundika picha ya kifua chake kwenye taa.
Nilidhani nitaona moyo.
Niliona mbegu za ufuta zimemwagwa,
na juu, upande wa kulia, wingu.
"Hizi chembe ni vumbi," alisema daktari. "Lilitangulia.
Wingu hili ni kifua kikuu. Kimefuata njia."

Sikuelewa, akanieleza mara ya pili, nami nikalielewa kikwetu:
ndani ya pafu mna paka.
Kazi yao kukamata kila kigeni kiingiacho.
Wakalila vumbi, vumbi likawaua,
kama paka aliyekula panya mwenye sumu.
Ghala likabaki bila mlinzi.
Hapo panya wenyewe wakaja.

Miezi sita ya vidonge.
Kila asubuhi nasimama mlangoni nikimtazama anameza,
yeye hufungua kinywa anionyeshe ulimi, kama mtoto mwenye hila.
Sikudhani wetu, miaka minne, naye kapewa vya kinga;
hukunja uso, kisha huomba sukari.
Mikojo ya wote wawili imekuwa ya rangi ya chungwa,
wakacheka siku ile, nami nikacheka,
tulikuwa hatujacheka muda mrefu.

Lakini daktari hakunificha.
Panya watatoka, alisema. Vumbi halitoki.
Akirudi kwenye karasha, nao watarudi,
na hata asiporudi, msikae mkasahau.

Mwenye karasha alituma mtu kuuliza lini.
Sikumjibu. Nilimwonyesha shati kambani.

Juzi amekuja Kibindo, aliyeshika nafasi ya Mhina,
kudai elfu nane za zamani.
Nyusi zake nyeupe kama za mzee, naye hajafika thelathini.
Akakohoa pale kizingitini,
akasema umande.
Ilikuwa saa saba mchana.

Mhina hakubisha. Aliingia ndani, akahesabu elfu nane,
akaja nazo, na kikopo chenye mfuniko.
"Alfajiri," akamwambia, "kabla ya maji."
Kibindo alizihesabu noti mara mbili.
Kikopo alikigeuza, akatazama chini yake kama anatafuta bei,
akakitia mfukoni.

Mpaka leo sijasikia.
Nimemtuma mtoto wa jirani akaulize.